Suti ya Kijivu

Ambakisye alipohamia Tunduma kubandika stika za malori
aliniachia kiti kibovu, kipanya kilichofungwa gundi,
na faili moja: RATIBA MAZISHI MPYA MWISHO MWISHO 2.
Zito. Unalibofya, unakwenda kununua maandazi,
unarudi, feni ya kompyuta bado inakoroma
na mvua ya Tukuyu bado inahesabu bati.

Likafunguka.
Tabaka la 1. Tabaka la 1 nakala. Nakala ya nakala.
Tabaka la 212.
Hakuna hata moja lenye jina la mtu,
ingawa yote ni watu.

Kumbe hakuwahi kuanza upya.
Msiba aliuweka juu ya msiba,
wa chini akamfumba jicho, wa juu akamwandika:
kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kuugua, saa nane mchana.

Mimi nikaanza kufumbua.
Bofya jicho: bibi wa Masoko, kitambaa cheupe cha kwaya.
Bofya: kijana wa bodaboda, miwani ya jua utosini.
Bofya: mwalimu, "alifariki 1951, akazaliwa 2017",
na umati mzima uliishika karatasi hiyo ukiimba,
asiyeliona kosa asilione,
aliyeliona akanyamaza.

Mama Tusekile, mwenye duka, akachungulia begani kwangu.
"Unganisha yote liwe tabaka moja, mashine ipumue."
Nikasema ndiyo, mama.
Sikuunganisha.
Ukishaunganisha, paji la huyu limegandana na msalaba wa yule,
hakuna kisu cha kuwatenga.
Nikaandika majina, kwa kidole kimoja,
folda kwa mwaka, mwaka kwa kijiji,
Kiwira, Katumba, Lwangwa.
Mmoja sikumpata jina popote. Nikaandika:
Mama aliyepigwa picha mbele ya migomba.

Kisha nikaiona suti.
Koti la kijivu, tai ya bluu yenye mistari, shati jeupe,
bila kichwa. Shingo ilikatwa haraka haraka,
ukosini limebaki doa la kijani la pazia la studio.
Wanaume kumi na wanne waliivaa.
Wachuma chai, mlinzi, fundi baiskeli,
watu wa picha moja maisha yote, tena ya fulana ya kampeni.
Nawaona watoto wao wakiinama dirishani,
sauti chini:
"Mnaweza kumvalisha?"
Akawavalisha. Mwenye shingo nene alimvutia mabega,
aliyekondeshwa na ugonjwa akampunguzia kivuli
asionekane ameazima.

Nikashuka hadi chini kabisa, penye kufuli.
Nikalifungua.
Hapo koti lilikuwa na kichwa chake:
paji pana, sikio la kushoto halina ncha,
picha ya pasipoti, Machi 2009, hajacheka.

Namjua.
Mzee Asegelile, karani wa zamani wa kiwanda cha chai,
kila Jumatano huja kutoa kopi
za kesi yake ya mpaka wa shamba.
Nikaandika kwenye tabaka: Suti ya Asegelile.
Yu hai. Usifute.

Jumatano akaja. Koti lile lile,
viwiko vimepauka, kifungo cha kati si ndugu wa wenzake.
Akasema karatasi sita.
Akasema mia mbili kwa karatasi ni wizi wa mchana.
Akasema, "Mbona unanikodolea, kijana?"

Nyuma yangu wale kumi na wanne walikuwa wazi skrini nzima,
macho yote nimeyafumbua.
Nikaigeuza skrini kidogo, ielekee ukutani.

"Lete elfu moja, mzee. Yaishe."
Mia mbili moyoni nikaikata kama kodi ya nguo.
Akanihesabia kwa sarafu, taratibu, akitabasamu,
akiamini amenishinda.